Je, Wajua? Vichwa Vidogo vya Reli Nyembamba

Je, wajua kwamba reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, ile iliyoanza kujengwa 1896 na kufika ziwani 1901, ni reli nyembamba? Kipimo kilichozoeleka duniani ni milimita 1435 kati ya chuma na chuma. Iliyo chini ya hapo huitwa nyembamba, hata ikiwa inabeba maelfu ya tani. Reli ya Kati ya Tanzania, ile iliyojengwa na Wajerumani, ni milimita 1000. TAZARA ni 1067. SGR ndiyo 1435 yenyewe. Anayetaka kuunda garimoshi la modeli la Voi au Tabora huanza na tarakimu hizi, maana kichwa cha treni anachokikuta dukani kimetengenezwa kwa reli ya mtu mwingine.

Hesabu yenyewe wajua? Chukua upana halisi, ugawanye kwa skeli. Katika skeli ya 1:87, milimita 1000 zinakuwa 11.5. Viwanda huuza reli ya milimita 12, na fundi hufumba jicho kwa ile nusu iliyozidi. Reli hiyohiyo ya 12 ndiyo inayotumika kwa modeli za Rhätische Bahn ya Uswisi, ambayo nayo ni ya mita moja. Kwa hiyo mota na magurudumu ya kichwa cha milima ya Alps yanaweza kubeba bodi ya kichwa cha Dodoma bila mtu kugusa ekseli.

Je, wajua kuwa kuna mahali hesabu ilitoka barabara bila yeyote kuipanga? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Arnold ya Ujerumani ilieneza treni ndogo sana zinazopita kwenye reli ya milimita 9. Zilikuwa treni za reli pana, ila zimefinywa. Waingereza waliokuwa wakiunda kwa skeli ya 1:76.2 wakaona fursa: vua bodi ndogo, bakiza mota na magurudumu, juu yake pachika bodi kubwa zaidi. Tayari una kichwa cha reli nyembamba. Sasa zidisha 9 kwa 76.2, utapata 685.8. Reli ya Talyllyn kule Wales ina upana wa milimita 686.

Talyllyn hiyohiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea, mwaka 1951. Mchungaji Wilbert Awdry, aliyeandika vitabu vya watoto kuhusu treni Thomas, alikuwa mmoja wao. Kile kichwa chekundu kiitwacho Skarloey, ambacho watoto wamekizoea kwenye televisheni, ni kichwa cha Talyllyn kilichobadilishwa jina.

Wajua kwamba modeli mashuhuri kuliko zote za reli nyembamba ina kosa la wazi? Mwaka 1968 LGB ya Nürnberg ilianza kuuza Stainz, kichwa cha Austria kilichozaliwa 1892, kwa skeli ya 1:22.5 kwenye reli ya milimita 45. Hesabu ya 45 mara 22.5 inatoa mita moja na ushei. Stainz halisi ilipita kwenye reli ya milimita 760. Watoto wa nchi nyingi wamekua nayo na hakuna aliyelalamika.

Je, wajua kwamba fundi anaweza kuibadilisha reli kwa kumbadilisha dereva peke yake? Chukua kichwa cha 1:87 kinachopita kwenye reli ya milimita 16.5. Ondoa kibanda cha dereva, weka kingine kirefu na kipana kinachomfaa mtu wa skeli ya 1:48. Magurudumu yaleyale, reli ileile, lakini sasa 16.5 mara 48 ni milimita 792, karibu sana na zile reli za inchi 30 za misitu na machimbo ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Bachmann ililifanya wazo hilo kuwa biashara.

Wako wanaosema kukata modeli ya bei ghali ni kuharibu. Hao hawajui historia ya vichwa vyenyewe.

Wajua kwamba kichwa kiitwacho Talyllyn kilitoka kiwandani 1864 kikiwa na magurudumu manne? Kilirukaruka njiani vibaya mno, wakakiongezea ekseli nyuma, kikawa na sita. Wajua kwamba Russell, kichwa cha Hunslet cha mwaka 1906, kilikatwa dohani na kibanda katika miaka ya 1920 ili kipite kwenye mahandaki ya reli ya Ffestiniog, Wales? Kazi ikaisha, kikapelekwa kwenye handaki la Moelwyn, na bado hakikuingia. Linda na Blanche, vichwa viwili vya machimbo ya mawe ya Penrhyn vilivyoundwa Leeds 1893, vilihamia Ffestiniog miaka ya 1960. Huko vikaburuta nyuma matenda, vibehewa vya kubebea makaa, ambayo hayakuwamo katika mchoro wa kwanza, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vikaongezewa magurudumu ya mbele. Akija mtu kukuambia ameunda Linda, swali la kumuuliza ni la mwaka gani.

Na hilo si la Wales tu. Kati ya 1928 na 1930, karakana ya Burnham mjini Denver ilichukua vichwa kumi vya reli pana, ikavifanyia fremu mpya na magurudumu mapya ya reli ya milimita 914, ikavitoa nje vikiitwa K-37. Maboila yalikuwa yaleyale ya zamani. Kwa lugha ya mafundi wa modeli, hiyo ni bodi ya kichwa kimoja kwenye chesi ya kingine, isipokuwa hapa uzani ulikuwa wa tani.

Watu wa reli nyingine ya Marekani, Rio Grande Southern, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1931, abiria wamekuwa haba na treni ya mvuke inakula fedha, walichukua gari aina ya Buick, wakaliwekea magurudumu ya reli, wakaunga sanduku la mizigo nyuma. Ndipo wakaanza kusafirisha barua za posta kwa dereva mmoja. Waliunda saba za namna hiyo, nyingi zikitumia bodi za Pierce-Arrow, na watu wakaziita Galloping Goose, bata bukini anayekimbia. Mwanamodeli anayegundisha kigari cha kuchezea juu ya chesi ya treni hajavunja sheria yoyote. Anafuata nyaraka.

Je, wajua kuwa kona kali za modeli, ambazo wageni huziona kama mchezo, ziko karibu na ukweli? Kona ya kawaida ya seti za milimita 9 ina nusu kipenyo cha sentimita 23 hivi. Ikuze mara 76 upate kama mita 17 na nusu. Kwenye reli ya Darjeeling, India, kona ya Agony Point ina karibu mita 18.

Tuingie mezani sasa, kwenye vumbi la tupa na harufu ya lehemu.

Wajua ile metali ya kijivu ya bodi za zamani ni nini? Ni mchanganyiko wa bati, risasi na antimoni, unaoyeyuka upesi na kujaza vizuri kila pembe ya kalibu. Upesi huo ndio hatari yake. Chuma cha kulehemu cha kawaida hupita nyuzi joto 300, na dohani nzima inaweza kugeuka tone mbele ya macho yako. Ndiyo maana mafundi hutumia lehemu yenye bismathi inayoyeyuka kwenye nyuzi 70, chini ya joto la maji yanayochemka. Lakini lehemu hiyo haishiki kwenye shaba ya manjano. Ukitaka kuunga bodi ya kijivu na sahani ya shaba, kwanza paka shaba tabaka jembamba la lehemu ya kawaida, iache ipoe, halafu ndipo uziunge mbili hizo kwa ile ya nyuzi 70. Anayeruka hatua hiyo hurudi kwenye gundi akinung'unika.

Wajua sahani nyembamba za shaba zenye madirisha na ribiti hukatwa kwa nini? Hakuna msumeno. Bamba hupakwa dawa inayoshika mwanga, likapigwa picha ya mchoro, kisha likatumbukizwa kwenye kloridi ya chuma, nayo ikala sehemu zisizolindwa. Pale kloridi inapoachiwa ile nusu ya unene tu, panabaki mfereji wa kukunjia. Mfereji hukaa upande wa ndani wa kunjo. Kwa upande wa nyuma kuna vishimo. Ukivisukuma kwa ncha butu, mbele hutokeza ribiti.

Waya wa kishikio cha dereva una unene gani? Wengi hutumia shaba ya milimita 0.45. Ukiukuza mara 76.2 unapata kama milimita 34, unene wa bomba linaloshikika vizuri mkononi. Vishikio vya plastiki vilivyochongwa pamoja na bodi ndivyo vitu vya kwanza kuondolewa. Unavikwangua kwa wembe ulioshikwa karibu wima, ukivuta kuelekea kwako kidogokidogo, halafu msasa laini wenye maji. Kisha unatoboa kwa mkono, kwa kekee ya vidole, maana ya umeme huyeyusha plastiki na tundu likawa pana. Waya ukunjwe kwanza, uingizwe, na kijiti cha unene unaotaka kiwekwe chini yake kabla ya tone la gundi ili kishikio chote kisimame umbali ule ule kutoka kwenye boila. Bila kijiti hicho kishikio hupinda, na jicho la mtazamaji hulikuta kosa hilo kabla ya kuona kitu kingine.

Je, wajua kwamba gundi nyeupe ya mbao inaweza kupasua kichwa cha treni? Vichwa vidogo ni vyepesi, hivyo havina nguvu ya kuvuta. Magurudumu huzunguka mahali pamoja. Dawa yake ni kujaza matangi na boila kwa punje za risasi. Wengi walizishika kwa gundi nyeupe kwa kuwa ni rahisi na haina harufu. Baada ya miaka kadhaa, asidi itokayo kwenye gundi hula risasi, risasi hugeuka unga mweupe unaochukua nafasi kubwa zaidi, na bodi iliyopakwa rangi kwa uangalifu hufunguka kwenye maungio. Tumia epoksi. Na baada ya kushika risasi nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Wajua kwa nini kichwa kidogo hukwama kwenye njia panda? Umeme wa volti 12 unapita kwenye reli na kuingia kwa magurudumu. Kichwa chenye magurudumu manne kikikanyaga kipande cha plastiki cha njia panda, gurudumu moja au mawili hukosa umeme, na vumbi kidogo kwenye hayo mengine linatosha kukizima. Mafundi huongeza vijiti vya shaba ya fosfori vinavyogusa kila gurudumu, pamoja na yale ya tenda. Siku hizi wenye mfumo wa kidijitali wa DCC huweka pia kapasita ndogo ya kuhifadhi chaji ya kuvusha pengo. Ushauri wangu: anza na vijiti. Kapasita haiponyi magurudumu machafu.

Na mwendo je? Kichwa halisi kinachotembea kilomita 25 kwa saa, kwa skeli ya 1:76.2, kinapaswa kwenda sentimita 9 kwa sekunde. Meza ya mita moja ivukwe kwa sekunde 11. Modeli nyingi za bei nafuu huruka mara tatu au nne ya hapo, na hakuna rangi wala ribiti itakayozifanya zionekane za kweli.

Wajua kwamba madereva wengi wa modeli hawana miguu? Mtu wa mita 1.70 ni milimita 22 tu kwa skeli hiyo, na mota mara nyingi imejaa ndani ya kibanda. Fundi humkata dereva kiunoni na kumbandika juu ya mota. Kutoka nje anaonekana mzima, kiwiko dirishani.

Taa nyeupe kali kwenye kichwa cha mwaka 1900? Hapana. Zile zilikuwa taa za mafuta. Tafuta balbu ya rangi ya manjano na uipunguze nguvu kwa rezista.

Je, wajua ni nani aliyewafundisha wengi kuchafua? John Allen wa Monterey, California, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuzipaka modeli masizi, kutu na vumbi waziwazi, wakati wengine wakizing'arisha. Kwenye reli yake ya modeli alikuwa pia na dinosauri aliyefanya kazi ya kichwa cha kusukuma mabehewa, akiwa na namba rasmi, 13. Allen alifariki Januari 1973 na siku chache baadaye reli yake ikateketea kwa moto.

Uchafu una kanuni zake, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanapaka kutu kila mahali kama ukoma, wakati kichwa kinachofanya kazi kina kutu kidogo sana. Kinachotawala ni mafuta na masizi. Kisanduku cha moshi cha mbele hupauka kwa joto, kikawa kijivu. Chini ya vali za usalama na mabomba ya maji hutiririka michirizi myeupe ya chokaa, hasa kwenye maeneo ya maji magumu. Fito za magurudumu hung'aa kwa grisi nyeusi. Ngazi za kibanda, pale buti zinapokanyaga, hubaki chuma kitupu. Breki ndizo zenye kahawia ya kutu, kwa sababu unga wa chuma hurukia hapo kila zinapobana. Ukianza na brashi kabla ya kujua kila doa lilitoka wapi, unapaka tu matope. Na makaa ya tenda yawe makaa ya mawe ya kweli, yaliyopondwa hadi punje ndogo. Hakuna rangi inayoweza kuiga mng'ao wake.

Sasa turudi kwetu, maana vichwa vyetu ni mtihani mkubwa kwa mwanamodeli yeyote.

Wajua kuwa vichwa vikubwa kuliko vyote vya mvuke kwa reli ya mita moja duniani vilikuwa vya Afrika Mashariki? Ni daraja la 59 la East African Railways, Garratt 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester na kufika 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na tani 252 na urefu wa karibu mita 32, na kilichoma mafuta mazito. Boila lake lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 2.2, mara mbili na zaidi ya upana wa reli iliyokuwa chini yake. Kwa 1:87 kinafikia sentimita 36. Garratt hujikunja sehemu mbili: boila katikati, injini mbele na injini nyuma, kila moja ikigeuka peke yake. Kwa hiyo hata modeli yake hupita kwenye kona ambazo kichwa kirefu cha kawaida kingeanguka.

Vichwa vya daraja la 59 vilipewa majina ya milima. Mount Gelai na Mount Shengena, yote milima ya Tanzania, viko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Daraja la 29 lilipewa majina ya makabila. Daraja la 60 lilipewa majina ya magavana, na baada ya uhuru mabango hayo yakang'olewa. Hilo kwa mwanamodeli ni kalenda. Ukibandika bango la gavana kwenye kichwa kilichochakaa cha miaka ya 1970, umechanganya zama, hata ribiti zako ziwe safi namna gani. Dohani nayo inasema umri: vichwa vingi vya EAR vilibadilishiwa dohani ya duara kwa ile nyembamba ndefu iliyobuniwa na Mwaustria Giesl-Gieslingen ili kupunguza mafuta yanayotumika. Picha yenye dohani ya duara ni ya ujana wa kichwa hicho.

Na wajua kwamba mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na reli zao za milimita 600? Troli zilibeba majani kutoka shambani hadi kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi. Kwa mtu asiye na nafasi wala fedha za Garratt, hapo ndipo pa kuanzia. Kichwa kidogo cha dizeli chenye magurudumu manne, troli tano, kipande cha reli kwenye ubao wa rafu. Kwa skeli ya 1:19, reli ya milimita 32 inatoa kama milimita 610, na kwa ukubwa huo hata anayevaa miwani anaona anachokata.

Kinachokosekana ni picha. Vichwa vya Ulaya na Marekani vilipigwa picha pande zote. Vya kwetu mara nyingi vilipigwa upande mmoja tu, na upande wa pili hakuna anayejua bomba lilipita wapi. Kama baba au babu yako alikuwa dereva, fundi moto au mtu wa karakana pale Nairobi, Tabora, Tanga au Kampala, tafuta albamu yake. Ukikuta kichwa nyuma ya watu waliosimama kupigwa picha, usikate pembeni kubakiza nyuso peke yake. Andika nyuma ya picha namba ya kichwa, kituo na mwaka, kisha piga nakala na uipeleke makumbusho.